Tuirudie ile sehemu ya tribble kwenye Star Trek ya zamani: mbona utani wake haujachuja?

#1 Mpiga Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi Jumamosi nilimwekea binti yangu wa miaka 11 ile sehemu ya Star Trek ya zamani, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, iitwayo "The Trouble with Tribbles". Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na umri kama wake. Enzi hizo huku Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, vilianza 1994. Mjomba wangu, baharia, alikuwa na deki na kanda chache alizorudi nazo safarini, na hii ilikuwa mojawapo. Tuliiangalia mpaka picha ikaanza kuchora mistari. Kiingereza chenyewe sikijui, nacheka tu kwa kuwa mtu mzima amefukiwa na mipira ya manyoya.

Sasa nimeirudia nikielewa kila neno. Nilijiandaa kuvunjika moyo, maana vitu vingi vya utotoni ukivirudia unavikuta vimenyauka. Hiki hakijanyauka. Na kuna jambo nimelibeba kichwani tangu siku hiyo: katika sehemu nzima ile hakuna mhusika hata mmoja anayejua kwamba yumo kwenye kichekesho. Kila mtu yuko kazini.

Kwa wasioijua. Ilirushwa Marekani tarehe 29 Desemba 1967, msimu wa pili. Chombo Enterprise kinapokea wito wa hatari kubwa kutoka kituo cha anga K-7. Kapteni Kirk anakwenda mbio, silaha tayari, akidhani kituo kimeshambuliwa. Anafika anakuta kumetulia tuli. Aliyepiga ule wito ni ofisa mmoja, Nilz Baris, anayetaka askari wa kulinda ghala la nafaka. Nafaka hiyo inaitwa quadrotriticale, na ndiyo mbegu pekee ya kutoka duniani itakayoota kwenye sayari ya Sherman, sayari inayogombewa na Shirikisho, ambalo ndilo upande wa Kirk, pamoja na mahasimu wao Waklingoni. Kirk anapandwa na hasira, anatoa walinzi wawili tu, basi. Halafu wakubwa wake wanampigia kumwambia ghala hilo lilindwe kwa hali na mali. Inabidi ameze mate.

Hapohapo Waklingoni wanatia nanga kituoni wakisema wanataka mapumziko. Na hapohapo mchuuzi mmoja, Cyrano Jones, anaingia baa ya kituo akiuza vinyama vya manyoya visivyo na macho, mikono wala miguu. Ukikishika kinakoroma taratibu kama paka aliyelala juani. Hao ndio tribble. Wanakula na wanazaa, kazi nyingine hawana.

Naomba mwangalie hasa pale Spock, ofisa wa sayansi wa Enterprise, asiye binadamu kamili na asiyeonyesha hisia, anapomshika tribble mkononi. Anaeleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba mkoromo wa mnyama huyu unatuliza mishipa ya fahamu ya binadamu, na kwamba yeye mwenyewe, kwa bahati nzuri, haumwathiri. Wakati anasema hivyo mkono wake unaendelea kumpapasa. Taratibu, kuanzia mbele kurudi nyuma. Uso haubadiliki. Halafu anagundua kwamba wenzake wanamwangalia, anamrudisha mezani. Nimerudisha nyuma pale mara nne, na mara zote nne binti yangu amecheka upya. Leonard Nimoy hatafuti kicheko hata kidogo. Anafanya kazi ya Spock.

Karibuni tuichambue. Nani mwingine ameiona karibuni?

#2 Binti wa Kibokoni

Kaka Mpiga Darubini, umenikuna panapowasha. Mie hii naijua tangu kwa marehemu baba.

Lakini umeruka mtu. Nani alimleta tribble wa kwanza ndani ya Enterprise? Uhura. Na kwangu mimi hapo ndipo utamu wa sehemu hii ulipo.

Katika sehemu nyingi Luteni Uhura hukaa pale kwenye kiti chake cha mawasiliano, kifaa sikioni, anasema njia ziko wazi, yaishie hapo. Hapa ana ruhusa. Anashuka kituoni pamoja na Chekov, ofisa kijana Mrusi, amekwenda dukani kama mwanamke yeyote aliyepata siku yake ya kupumzika. Anamkuta Cyrano Jones anavutana bei na mwenye baa. Anauliza, je, kiko hai? Anaomba kukishika. Nichelle Nichols, anayemwigiza, pale anacheka kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahi. Cyrano, kwa kuwa ni mchuuzi aliyekubuhu, anampa kimoja bure, akijua dada mzuri akipita nacho mitaani wateja watajileta wenyewe. Biashara ya zamani hiyo, hata Marikiti utaiona.

Asubuhi yake tribble kazaa. Uhura anagawa watoto kwa wenzake, na Dokta McCoy anataka kimoja akichunguze. Uhura anamwonya: kama unataka kumuumiza, nirudishie. Daktari anajibu kwamba hatagusa hata unywele mmoja wa kichwa chake, popote kilipo hicho kichwa. Angalieni sasa: ule mkasa wote unaofuata umetoka kwenye wema wa mtu mmoja kugawia wenzake kitu kizuri. Hakuna aliyefanya ubaya.

Na sisi wa Kiswahili tuna haki ya kumwita wetu. Jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Nichelle Nichols mwenyewe ameeleza kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi kilichoitwa kwa neno hilo, likatengenezwa jina la mhusika kutoka hapo. Na hawakuishia kwenye jina. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe mmoja mwenye kujigeuza alimjia kwa sura ya kijana mweusi akamsemesha Kiswahili, kwa kuwa alisoma upweke wake. Na miezi mitatu tu kabla ya tribble, katika "The Changeling", mtambo ulimfuta kumbukumbu, wakawa wanamfundisha kusoma upya. Alipokwama, lugha iliyomtoka ni Kiswahili. Lile jina la kwanza, Nyota, lilikuja kutamkwa kwenye filamu ya 2009.

Wengi mnajua kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, na Dokta Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Angeondoka, nani angemchukua tribble pale baa?

#3 Mtunza Ghala

Mkuu Mpiga Darubini, dada wa Kibokoni, nimesoma hadi chai imepoa.

Mimi nimefanya kazi ya ghala la mahindi miaka 19. Nilipoona sehemu hii kwa mara ya kwanza sikucheka. Nilisimama.

Kirk anakwenda kuchukua chakula chake, sandwichi ya kuku na kahawa. Sahani inatoka imejaa tribble. Juu ya mkate wapo, kwenye kahawa wapo. Scotty, mhandisi wa chombo, anamweleza kwamba wameingia kwenye mitambo, labda kwa njia za hewa. Spock anasema, Kapteni, njia za hewa za namna hiyo zipo hata kule kituoni. Na hapo Kirk anashtuka: maghala!

Wakuu, hiyo ndiyo akili ya mtu wa ghala. Mlango una kufuli, mlango una askari wawili, na wote mmewaweka mbele. Mdudu hapiti mlangoni. Anapita tundu la hewa, anapita pembe ya turubai, anapita kwenye gunia lililoshonwa vibaya. Baris alidai walinzi siku nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya matundu.

Ninayemjua mimi ni dumuzi. Wengine humwita Scania, jina la lori, mnaelewa kwa nini. Asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza upande wa Tabora. Ukimwona peke yake ni mdudu mdogo mweusi, humwogopi. Unalipiga gunia kofi, unga unatoka. Unachota punje, unaikuta nyepesi kama maganda, imebaki ngozi. Ukiweka sikio kwenye gunia usiku unamsikia. Kwa hiyo yule Kirk aliposimama mbele ya mlango wa ghala wa juu, akaufungua, wakamwagika tribble walioshiba mpaka kifuani kwake, mimi nilijua anachokiona. Anaona ghala tupu.

Halafu linakuja jambo ambalo mtunzi amelifunga vizuri mno. Wengi wa tribble wale wamekufa. Wamekufa wapi? Katikati ya chakula. McCoy anapima, anakuta nafaka imetiwa sumu, virusi vinavyogeuka ndani ya damu kuwa kitu kisicho na faida. Kadiri mnyama anavyokula ndivyo kitu hicho kinavyojaa, mpaka baada ya siku mbili tatu hawezi tena kupata lishe ya kumtosha. Anakufa njaa tumbo limejaa. Sasa fikiria nafaka ile ingefika sayari ya Sherman. Wangekula watu.

Ndiyo maana namuunga mkono mwanzisha uzi. Kicheko kimekalia juu ya kitu kizito, na tribble ndio waliookoa watu. Bila wao hakuna ambaye angejua mpaka makaburi yaanze.

#4 Kamanda Saba

Wakuu naheshimu hisia zenu ila nitapingana.

Kwangu mimi hii ndiyo sehemu iliyowashusha Waklingoni. Nendeni mkaangalie "Errand of Mercy", Machi 1967. Kor pale ni mtawala wa kuogofya, anateka sayari na kuamuru mateka wauawe bila kupepesa jicho. Miezi tisa baadaye Waklingoni wamekuwa watu wa kukaa baa, kunywa na kupigana viti. Koloth, kapteni wao hapa, anatabasamu kama mwenye hoteli.

Kama ni ubora, "The City on the Edge of Forever" iko juu mbali. Hata tuzo za Hugo za 1968, zile za hadithi za kisayansi, zilisema hivyo. Wateule wote watano wa tamthilia walikuwa sehemu za Star Trek, tribble mmojawapo, na aliyeshinda ni City. Tamthilia ya mawazo mazito haikuhitaji kutekenywa.

#5 Mpiga Darubini

Kamanda, karibu sana, na City naipenda kama wewe. Mwisho wake siwezi kuutazama nikiwa na watu.

Ila hoja ya Waklingoni naiona kinyume. Ni kwa nini wamekaa baa moja na Wanashirikisho badala ya kupigana risasi? Kwa sababu ya "Errand of Mercy" yenyewe. Waorgania, viumbe wenye nguvu kupita pande zote mbili, waliwalazimisha wasitishe vita, na mkataba unasema sayari inayogombewa itapewa upande utakaothibitisha kwamba unaweza kuiendeleza vizuri zaidi. Kwa hiyo vita vimehama kutoka kwenye mizinga vikaingia kwenye mbegu. Koloth anatabasamu kwa sababu anajua gunia limekwisha tiwa sumu. Yule wa kutabasamu ndiye wa kuogopwa.

Na ule ugomvi wa baa, hebu uutazame tena kwa utulivu. Scotty, Chekov na wenzao wameketi. Mklingoni Korax anaanza kumtukana Kirk: mbabe, mdikteta, anajiona mungu. Chekov anataka kurukia, Scotty anamkalisha chini. Tumekuja kupumzika, anasema, tuvumilie. Matusi juu ya kapteni yanaendelea, Scotty anavumilia. Kisha Korax anahamia kwenye chombo. Anasema Enterprise ni jalala linaloelea. Scotty anamwomba kwa upole aseme tena kwa maneno mengine. Anasema tena, ila kwa ubaya zaidi. Scotty anaweka glasi mezani, anasimama, anamchapa ngumi.

Baadaye Kirk amewapanga mstari, anauliza nani alianza. Kimya. Anambakiza Scotty peke yake. Kwa hiyo uliwapiga kwa sababu walinitukana mimi? Hapana, Kapteni. Ni pale walipoitukana Enterprise. Uso wa William Shatner pale! Mtu amejua kwamba mhandisi wake anakipenda chombo kuliko anavyompenda yeye, na hawezi kumlaumu, kwa sababu hata yeye yuko vivyo hivyo. Anamfungia chumbani kama adhabu. Scotty anashukuru kutoka moyoni: atapata muda wa kusoma majarida yake ya ufundi.

Sehemu nzito ingehitaji hotuba ili kutuonyesha Scotty ni nani. Hii imetumia ngumi moja na jibu moja.

#6 Mzaliwa wa Uvira

Salamu kutoka Winnipeg, ndugu zangu. Nimesoma nikaona lazima niandike, sababu nakaa mahali panapotajwa humo.

Pale Baris anapojivunia nafaka yake, anadhani Kirk hajui kitu. Spock ndiye anamjibu: mzizi wake ni triticale, na ukoo wake unarudi hadi Kanada ya karne ya ishirini. Hilo neno si la kubuni. Triticale ni mmea wa kweli, ngano iliyochanganywa na nafaka nyingine wanayoiita rai, na Chuo Kikuu cha Manitoba hapa kwetu kilianza kazi kubwa juu yake miaka ya 1950. Mtunzi aliongeza tu ile "quadro" mbele. Mimi nimeyaona mashamba yake nje ya mji. Suke ni refu, lina ndevu kama za ngano, lakini shina ni gumu la rai, linavumilia baridi na udongo mbaya.

Basi Chekov akisema baadaye kwamba nafaka hiyo ni uvumbuzi wa Warusi, hapa nyumbani tunapiga meza. Kwake yeye hata wiski ya Skoti ilibuniwa na bibi kizee wa Leningrad. Anamwambia Scotty mwenyewe!

Kaka Mtunza Ghala, Mungu akubariki kwa lile neno la "ghala tupu".

#7 Kijana wa Form Six

Shikamooni wakubwa. Samahani, naomba kueleweshwa ile hesabu ya Spock. Anatazama rundo la tribble anasema ni 1,771,561. Ameipataje? Au ni namba ya kutisha tu?

#8 Mpiga Darubini

Marahaba mdogo wangu. Hesabu iko sahihi, na penseli yako inatosha.

Spock anasema alianza na tribble mmoja, kila mmoja anazaa kumi kwa wastani, kizazi kipya kila saa 12, kwa siku tatu. Siku tatu ni vizazi sita. Mzazi hafi, anabaki na watoto wake kumi, kwa hiyo kila baada ya saa 12 idadi inazidishwa kwa 11. Andika: 1, 11, 121, 1,331, 14,641, 161,051, 1,771,561. Kumi na moja kwa kipeo cha sita.

Sasa tazama kinachotisha. Baada ya siku mbili walikuwa elfu kumi na nne na ushee tu. Hizo milioni karibu zote zimezaliwa katika ile siku ya tatu. Ndiyo sababu kila mtu kwenye Enterprise anachelewa kushtuka. McCoy alishaligundua: zaidi ya nusu ya nguvu za mwili wao inakwenda kwenye kuzaa, na kwa anavyoona yeye wanazaliwa tayari wana mimba. Ukimlisha mmoja kupita kiasi hupati tribble mnene, unapata kundi la tribble wenye njaa.

David Gerrold, aliyeandika, alikuwa na miaka 23 tu sehemu hii iliporushwa. Wazo alilitoa kwa sungura waliopelekwa Australia mwaka 1859, wachache wa kuwindwa kwa starehe, wakaja kulifunika bara. Kulikuwa na hofu kwamba hadithi yake inafanana na riwaya ya Robert Heinlein ya 1952 yenye paka bapa wa Mars. Wakamwandikia Heinlein, naye akaridhia, akaomba tu nakala ya mswada iliyotiwa saini. Uungwana wa namna hiyo unanigusa mpaka leo.

#9 Fundi Sinema

Niongeze kidogo upande wa utengenezaji, maana ni kazi yangu.

Umbo la tribble lilibuniwa na Wah Chang. Walishonwa kama 500 kwa manyoya ya bandia, ndani sponji. Wachache waliotakiwa kutambaa walitiwa mashine za mbwa wa kuchezea. Basi. Hakuna uso, hakuna jicho, na bado unawapenda. Nimefanya kazi na wanasesere ghali kuliko hao na mtazamaji hakuwajali.

Ile ya Kirk chini ya mlango wa ghala: watu walikuwa juu wakiwamwaga. Lakini uzuri hauko kwenye lile rundo la kwanza. Uko kwenye wale wanaofuata. Kirk anaongea mambo mazito, ghala, sumu, na kila baada ya sekunde chache anadondoka mmoja mwingine, pu, kichwani. Hapangusi. Haangalii juu. Joseph Pevney aliyeongoza aliacha waendelee kudondoka na mwigizaji aendelee kuwa kapteni. Mwanzisha uzi, hapo ndipo hoja yako ilipo kwa macho.

Na yule rubani Sulu, kama mnamtafuta, hayumo. George Takei alikuwa akirekodi filamu nyingine, mistari yake mingi akapewa Chekov. Ndiyo maana Walter Koenig anang'aa hivyo.

#10 Binti wa Kibokoni

Fundi, ahsante kwa hiyo. Nami nina swali la lugha kwa wote.

Mwisho kabisa Kirk anauliza tribble wamekwenda wapi, kila mmoja anamsukumia mwenzake, McCoy kwa Spock, Spock kwa Scotty. Hatimaye Scotty anakiri: kabla Waklingoni hawajaondoka amewahamishia wote kwenye chumba chao cha injini, na kule, anasema, hawatakuwa "tribble" hata kidogo. Jina linagongana na neno la Kiingereza la shida. Ukilitafsiri limekufa. Nyinyi mnawaambiaje watoto? Baba alikuwa anasema, "Tabu amepewa mwenye kuiweza."

#11 Mpiga Darubini

Dada, ya baba yako ni bora kuliko yangu. Mimi nilimwambia, "Huko hawatatutia tena tabu." Alielewa ila hakucheka. Kesho namrudishia kwa maneno ya mzee.

Alichonishikia yeye ni swali jingine. Waklingoni wanawachukia tribble, na tribble wakiwaona Waklingoni wanapiga kelele. Hivyo ndivyo Arne Darvin, msaidizi wa Baris, alivyokamatwa: Kirk alimsogezea tribble, akalia. McCoy akampima, kumbe ni Mklingoni aliyejibadilisha sura. Sasa binti anauliza: baada ya Scotty kuwapeleka kule, waliuawa?

#12 Mtunza Ghala

Mwambie majibu yapo, ila hayafurahishi.

Mwaka 1973 kwenye katuni ya Star Trek, Gerrold huyohuyo aliandika mwendelezo. Cyrano Jones amerudi, na amewaibia Waklingoni mnyama waliyemtengeneza maalumu kwa kula tribble. Niliposikia hilo nilikaa chini, maana miaka ya 1990 na sisi tuliletewa mdudu kutoka kulekule kwao dumuzi ili amle dumuzi.

Kisha tarehe 4 Novemba 1996, kwa kuadhimisha miaka 30, Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, waliingiza watu wao ndani ya picha za 1967. Charlie Brill alirudi kuwa Darvin, sasa mzee. Humo Worf, Mklingoni, anasema Waklingoni walipeleka mashujaa galaksi nzima kuwawinda tribble, na sayari yao ya asili ikafutwa. Anaisema kwa fahari. Odo, mwenzake kazini, anamuuliza kama kuna nyimbo za kusifu ushindi huo.

#13 Kamanda Saba

Nimeirudia jana usiku kwa ajili yenu. Ya 1967, kisha ya 1996, mfululizo.

Ya 1996 imeeleza kwa nini wale tribble wanaendelea kumdondokea Kirk kichwani: Sisko na Dax, wale wa Deep Space Nine, wamo ndani ya ghala juu, wanatafuta bomu lililofichwa ndani ya tribble mmoja, kila wakimpima mmoja na kumkuta hana kitu wanamtupa nje. Nikasimamisha picha. Wamechukua dosari ndogo ya miaka 29 nyuma, ambayo haikuhitaji maelezo, wakaipa sababu kwa heshima. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu asichokipenda.

Juu ya Koloth, Mpiga Darubini, nimekuelewa. Nimeangalia tabasamu lake pale anapodai kwamba hawana nia mbaya. City bado iko juu kwangu. Lakini nimefuta lile neno la kutekenya.

#14 Mpiga Darubini

Kamanda, heshima kwako.

Nimemweleza binti yote, hata ya Worf. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ya Cyrano: kweli aliamriwa kuwaokota tribble wote kituoni mmoja mmoja? Nikamwambia kweli, na Spock alikadiria miaka 17.9. Akachukua daftari. Sasa hivi ninavyoandika yuko mezani anagawanya 1,771,561 kwa siku ili ajue ni wangapi kwa siku moja, na ameniuliza kama Ijumaa na Jumapili Cyrano anapumzika.

Kijana wa Form Six, kama uko hapo, njoo umsaidie. Amekwama kwenye ile nukta tisa.